Kumfunza mtoto wa mbwa nyumbani Nairobi: mwongozo kamili tangu kabla hajafika

Siku ya tatu tangu Chapo afike kwetu Kahawa West, alikuwa ameamriwa kuketi kwa lugha tatu. Mume wangu alimwambia "sit". Dada anayetusaidia kazi za nyumbani alimwambia "kaa chini". Mama mkwe, aliyekuwa ametoka Murang'a kuja kliniki ya macho, alimwambia "ikara thĩ" huku amemnyooshea kidole. Chapo akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake kukojoa kwenye zulia la sebuleni.

Tulikubaliana sote kwamba ni mjinga. Ilinichukua miezi miwili kung'amua kwamba mjinga hakuwa yeye. Mbwa anayeishi na watu watano hufunzwa na watu watano, wapende wasipende. Kama hawajui mwenzao anafunza nini, mbwa huchukulia maneno yao kama makelele ya matatu: yapo tu, hayamhusu. Kwa hiyo mengi ya yanayofuata hapa yanawahusu watu wa nyumbani kabla hayajamhusu mbwa.

Kabla hajaingia mlangoni

Mchukue akiwa na wiki 8 au zaidi. Zile wiki za mwisho na mama na nduguze humfunza jambo ambalo wewe huwezi kumfunza vizuri: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hukatika hapo hapo, naye hujua kipimo cha meno yake. Wale wanaouzwa kando ya barabara wakiwa ndani ya katoni mara nyingi wametolewa kwa mama mapema mno, na wameshikwashikwa na kila mpita njia. Ukimwonea mmoja huruma ukamnunua, nakuelewa, ila mpitishe kwa daktari wa mifugo kabla hujafika naye nyumbani.

Kwa muuzaji, omba kumwona mama mbwa. Kama anajificha, au anataka kukurarua hata mwenyewe akiwa amesimama hapo, watoto wake wamelelewa ndani ya woga huo huo. Omba pia kadi ya chanjo, na uisome. Kadi ya maana ina kibandiko kilichobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari. Iliyoandikwa kwa kalamu tu kwamba "amechanjwa" ni karatasi kama karatasi nyingine. Ukitaka mbwa bila kununua, KSPCA, shirika la kutetea wanyama kule Karen, hutafutia makao mbwa waliookolewa, wengi wao wale tunaowaita mbwa koko. Mimi nina upendeleo hapa, Chapo akiwa koko wa madoa ya rangi ya chapati, lakini alijua amri tano wakati Japanese Spitz wa jirani bado anabwekea kivuli chake.

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba au keateka kwanza, tena kwa ujumbe wa maandishi.

Halafu kaeni kikao. Andikeni kwenye karatasi ataitwa nani, atalala wapi, kochi ni ruhusa au ni marufuku, nani anamlisha saa ngapi, na maneno gani yatatumika. Ibandikeni kwenye friji. Dada wa kazi awe kwenye kikao hicho, maana ndiye atakayeshinda na huyo mbwa. Ukimfunza wewe nusu saa usiku na yeye hajaelezwa lolote, saa zake kumi za mchana zitaimeza nusu saa yako.

Chanjo, minyoo na udongo wa nje

Ugonjwa utakaokuvunja moyo mapema ni parvo. Mtoto wa mbwa anakataa chakula asubuhi, jioni anatapika na kuharisha damu, na asipopata drip mapema huenda asifike siku ya nne. Virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka, na huingia nyumbani kwa nyayo za viatu. Kama mbwa mwingine alikufa kwa kuharisha damu kwenye ploti yenu karibuni, usilete mtoto ambaye hajachanjwa. Sakafu ya simiti unaweza kuiosha kwa sabuni, kisha ukaipitisha dawa ya klorini, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji, ikae dakika kumi. Udongo na nyasi haviosheki hivyo.

Chanjo ya kwanza hutolewa kati ya wiki 6 na 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Usiishie ya pili ukaona yatosha. Kinga aliyopewa na maziwa ya mama huweza kuizima chanjo ya mapema, ndiyo maana hurudiwa. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3, na baada ya hapo hurudiwa kwa tarehe ambayo daktari ataiandika kwenye kadi, kwa kawaida kila mwaka. Dawa ya minyoo ni kila wiki 2 hadi wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi 3. Kupe wa Nairobi hawana likizo: mpapase kila jioni masikioni, kwapani na katikati ya vidole, kwa sababu homa ya kupe huanza kwa mbwa aliyezubaa na ufizi uliopauka.

Hakikisha daktari amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo huko Kabete, na wengi wetu tusiokaa karibu na hospitali za kifahari huenda huko.

Usiku wa kwanza

Atalia. Jana alilala katikati ya lundo la nduguze, leo yuko peke yake kwenye harufu asizozijua. Siku moja kabla, nilipeleka mandazi kwa majirani wa pande zote mbili nikawaambia, "Jamani, leo na kesho mtanivumilia." Nakushauri ufanye vivyo hivyo. Kuta za fleti zetu ni nyembamba.

Weka katoni au kizimba karibu na kitanda chako, ndani blanketi kuukuu na kitambaa ulichokisugua kwa mama yake ulipomchukua. Kama ni kati ya Juni na Agosti, zile baridi za kuvaa sweta ndani ya nyumba, ongeza chupa ya maji moto uliyoizungushia taulo. Akilia, teremsha mkono umguse. Utasikia watu wakisema ukimbembeleza utamdekeza. Mtoto wa wiki nane haelewi kudekezwa. Anaelewa kwamba yuko peke yake au hayuko. Baada ya usiku tano au sita sogeza katoni hatua moja kuelekea mlangoni, kesho yake nyingine, mpaka ifike mahali mlipoandika kwenye karatasi ya friji.

Akiamka saa nane za usiku na kuhangaika, mtoe akojoe. Bila taa kubwa, bila mazungumzo, bila mchezo. Arudi alale.

Choo

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na hapa ndipo pa rahisi kuliko pote ukikubali kuteseka wiki tatu.

Hesabu ya mjini ni hii: chukua umri wake kwa miezi, ongeza 1, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia akijitahidi sana. Wa miezi 2 ni saa 3. Akijitahidi. Mchana, akiwa anacheza, usimpe hata saa moja. Mtoe akiamka tu. Mtoe baada ya kula, kati ya dakika 5 na 30. Mtoe mchezo unapokatika ghafla, na ukimwona ananusa sakafu huku akizunguka. Siku za kwanza niliweka kengele ya simu ilie kila baada ya dakika 45, na mtoto wangu mdogo akawa anaimba sauti ya kengele hiyo hata akiwa bafuni.

Mpeleke mahali pale pale kila mara. Simama. Usicheze naye, usitembee. Anapoanza kukojoa, sema neno lenu kwa upole. Sisi tulichagua "susu" kwa kuwa watoto walikuwa wameshalizoea. Anapomaliza, kabla hajasogea, mpe kipande cha nyama hapo hapo. Nilikosea hapa wiki mbili nzima. Nilikuwa namsubiri akojoe, narudi naye jikoni, nafungua kopo, nampa zawadi. Chapo akajifunza vizuri sana kwamba kurudi jikoni kuna malipo, akawa anatoka, anachuchumaa nusu, anakimbilia kopo, kisha anamalizia mkojo mbele ya friji. Nyama ikae mfukoni mwako, nayo impate ndani ya sekunde mbili.

Akikosea ndani, safisha. Ukimfuma katikati ya tendo, piga makofi mara moja, mbebe, mmalizie nje. Ukikuta dimbwi ambalo limeshapoa, limeshapita. Kumsugulia pua kwenye mkojo, jambo ambalo nusu ya wazee wa ukoo wetu watakushauri, humfunza kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari. Matokeo yake atakojoa nyuma ya kochi, na atakataa kukojoa nje ukiwa umeshika kamba. Osha kwa sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji. Epuka dawa zenye amonia kwa sababu kwa pua yake zinanuka mkojo, ni kama kumwekea kibao cha "choo kipo hapa".

Waishio ghorofani: pateni karai pana, jazeni udongo na kipande cha nyasi za kupanda, muiweke kwenye baraza. Nyasi zikichoka, badilisha. Gazeti pia hufanya kazi, ila baadaye itabidi umfunze upya kwamba gazeti la baba si choo. Ukiwa unamshusha chini, mbebe ngazi zote mpaka mguse ardhi. Akitembea mwenyewe kutoka ghorofa ya nne, atakojoa ya pili, na keateka atakupigia simu.

Chakula kiwe kwa saa maalumu: mara tatu kwa siku mpaka miezi 4 au 5, kisha mara mbili. Bakuli liondolewe baada ya dakika 15. Cha jioni kiishe kufikia saa moja. Maji yawepo mchana kutwa.

Mfuko wa zawadi

Nunua maini ya shilingi 100 buchani, chemsha bila chumvi, kata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, vikaushe kwenye sufuria kwa moto mdogo mpaka visinate vidole. Weka kwenye friza, toa vya siku moja. Omena kavu iliyooshwa nayo ni dhahabu, ingawa mfuko wa jinzi wako hautarudi kuwa kama zamani. Kipande kikiwa kikubwa, mbwa hutafuna akasahau somo.

Visivyompasa: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu vya aina zote, mifupa iliyopikwa, na chingamu au peremende zisizo na sukari zenye zailitoli. Vitunguu ndivyo vinavyotuponza, kwa kuwa mabaki ya mchuzi tunayomwagia ugali wa mbwa yamejaa vitunguu. Mpikie chake pembeni au utoe nyama yake kabla hujakaanga.

Sasa mfunze neno moja la kuashiria kwamba amepatia. Letu ni "Safi!" Siku ya kwanza usimdai kitu. Sema "Safi!", mpe kipande. Subiri kidogo, sema tena, mpe tena, mara kumi. Rudia jioni. Kesho utaona ukitamka tu anageuza kichwa kutafuta mkono wako. Kuanzia hapo neno hilo ni kama picha unayompiga: linamwonyesha kitendo gani hasa kimelipwa, hata kama nyama itachelewa sekunde moja.

Masomo yawe ya dakika tatu hadi tano, mara tatu kwa siku. Acha akiwa bado anataka.

Maneno

Mbwa wengi wa Nairobi husemeshwa Kiingereza hata na watu ambao wenyewe hawasemezani Kiingereza. Sina ugomvi nalo. Mbwa hana lugha ya mama. Anataka sauti moja isiyobadilika kwa jambo moja. Shida ni maneno tunayoyatumia kutwa. "Wacha" ni mfano mzuri: "wacha niende", "wacha kelele", "wacha tuone", "ai, wacha!" Mbwa akilisikia mara mia kwa siku bila kumhusu, hawezi kulitii siku ameinua mfupa wa kuku barabarani. "Kuja" nalo ni hivyo hivyo, hasa kwenye nyumba yenye watoto. Chagueni maneno ambayo hayazururi. Sisi tuliishia na haya: "keti", "hapa", "subiri", "tema", "twende". Hakuna mtu kwetu anayesema "tema" akiwa mezani.

Keti. Shika kipande cha maini mbele ya pua yake, karibu kabisa, kisha kipandishe polepole kuelekea juu ya kichwa chake, kati ya masikio. Kichwa kikifuata mkono, matako hushuka yenyewe. Yakigusa chini: "Safi!", mpe. Akiruka, mkono wako uko juu mno. Akirudi nyuma, mfanyie hilo penye ukuta nyuma yake. Usimsukume kiuno. Baada ya mara kumi au kumi na tano, fanya mkono ule ule bila nyama ndani, nyama itoke mkono mwingine. Akishafuata mkono mtupu, ndipo uanze kusema "keti" kabla tu ya kuinua mkono. Neno linakuja mwisho.

Hapo ndipo niliposhangaa na kile kidole cha mama mkwe. Tulidhani Chapo anaelewa Kikuyu, kwa sababu kwa wiki nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa anatiiwa. Siku moja mama akasema "ikara thĩ" akiwa ameshika sufuria kwa mikono miwili, na Chapo akabaki amesimama. Alikuwa akifuata kidole, kilichokuwa kinapanda na kushuka kwa njia ile ile kila mara. Mbwa huusoma mwili kabla ya neno. Kwa hiyo kwenye karatasi ya friji, karibu na kila neno, chora na ishara ya mkono wake.

Hapa. Anza ndani ya nyumba, hatua mbili. Chuchumaa, taja jina lake, sema "hapa!" kwa sauti ya furaha. Akifika, mpe vipande vitatu mfululizo na umshike ukosi, yaani kola ya shingoni, kabla ya kumwachia. Umbali uongezeke, kisha mhamie uani, kisha uani penye kuku. Sheria ni moja na haina msamaha: usimwite kwa jambo asilolipenda. Kama unataka kumwogesha au kumgombeza, mfuate mwenyewe alipo. Mbwa aliyeitwa akaja, akachapwa kwa kuchelewa, amechapwa kwa kuja.

Tema. Mpe kitu asichokithamini sana, kijiti labda. Mletee maini puani. Akiachia kijiti: "Safi!", mpe maini, kisha mrudishie kijiti. Hilo la kumrudishia ndilo linalowashinda watu. Akijua kwamba kuachia si kupoteza, siku ameokota kiberiti au soksi hatakimbilia chini ya meza.

Subiri hujengwa juu ya keti: sekunde moja, mbili, tano, kisha hatua moja nyuma. Lifanyie kazi mlangoni na langoni, kwa kuwa bodaboda hawasimami kwa ajili ya mtoto wa mbwa.

Meno

Ana meno 28 ya utotoni, membamba kama sindano. Kuanzia karibu miezi 3 na nusu huanza kung'oka, na kufikia miezi 6 au 7 anakuwa na 42 ya ukubwani. Katikati hapo ufizi unamwasha, naye atatafuna miguu ya meza, chaja ya simu na vidole vyako.

Aking'ata mkono, usiuvute kwa nguvu. Unauvuta kama panya, naye atamfukuza panya. Ulegeze, nyamaza, simama, mgeuzie mgongo kwa sekunde kumi au ishirini. Rudi, mpe kitu cha kutafuna. Akirudia, rudia. Watoto huponzwa na kukimbia huku wakipiga yowe, kwa hiyo wafunze kuwa mti: mikono kifuani, macho juu, kimya. Mbwa hachezi na mti.

Taulo kuukuu iliyofungwa fundo, ikaloweshwa na kugandishwa kwenye friza, humtuliza ufizi. Karoti nzima pia. Usimpe slipa iliyokatika ukidhani ataijua, kwani hawezi kutofautisha slipa kuukuu na viatu vipya vya kanisani.

Dunia ya nje, kabla chanjo hazijaisha

Ukinilazimisha nichague sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningechagua hii. Kati ya wiki 3 na karibu 14, ubongo wa mbwa mchanga uko wazi: anachokutana nacho kwa wema anakiweka kwenye mambo ya kawaida, na asichokutana nacho huenda akakiogopa maisha yake yote. Mbwa wengi tunaowaita wakali ni waoga waliokosa wiki hizo. Kitendawili ni kwamba chanjo huisha wiki ya 16, mlango ukiwa umeshafungwa.

Jibu letu lilikuwa kiondo. Kila jioni nilimweka Chapo ndani ya kiondo cha mama mkwe, nikamtundika kifuani, tukaenda kusimama karibu na steji. Miguu yake haikugusa udongo. Aliona matatu zikipiga honi na makanga wakigonga bodi, bodaboda, mikokoteni ya maji, wanafunzi wenye sare, mama aliyevaa buibui, mtu mwenye mwavuli, askari wa lango mwenye koti refu na rungu. Kwa kila kitu kipya, kipande cha maini. Siku ya kwanza tulisimama mbali, upande wa pili wa barabara, kwa sababu honi ya kwanza ilimfanya ajifiche kwapani. Umbali ndio dawa: kama anakataa hata kula, mko karibu mno, rudini nyuma mpaka akubali. Baada ya siku nne mama mboga alikuwa anamlisha mwenyewe, kwa ruhusa yangu na maini yangu.

Nyumbani mzoeshe blenda, mvua kwenye mabati, jenereta, kelele za ndege kwarara alfajiri. Fataki za mkesha wa Mwaka Mpya, na za Diwali ukikaa upande wa Parklands, zinahitaji maandalizi: cheza sauti zake kwenye simu, chini kabisa, wakati wa chakula, ukiongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Anaweza pia kutembelewa na mbwa mkubwa mpole ambaye unajua kwa hakika amechanjwa. Sehemu zinazopitwa na mbwa wa kila aina zisubiri.

Kila siku pia mshike nyayo, chungulia masikio, inua mdomo uone meno, umlipe. Daktari atakushukuru. Na akiwa anakula, pita karibu na bakuli udondoshe kipande cha nyama ndani, uende zako. Mbwa wa namna hiyo hamng'oei mtoto vidole kwa sababu ya ugali.

Kamba, na kubaki peke yake

Ukosi avae ndani ya nyumba siku chache kwanza, kisha kamba iburutwe akiwa anacheza, kisha uishike. Akivuta, simama kama nguzo; kamba ikilegea, "twende". Matembezi ya kwanza yatawachukua dakika kumi kufika langoni. Akikamilisha chanjo na daktari akikuruhusu, msituni Karura ni pazuri pa kumtembeza, akiwa kwenye kamba.

Kubaki peke yake hufunzwa kwa dakika, wala haianzi Jumatatu mnaporudi kazini. Toka nje ya mlango sekunde tano, rudi bila shamrashamra. Dakika moja. Tano. Ishirini. Mwachie kitu cha kutafuna kila unapotoka.

Lakini mimi namtaka wa kulinda

Najua. Kila lango la Nairobi lina kibao cha mbwa kali. Desturi ni kumfungia kwenye kibanda mchana kutwa asizoee watu, kisha kumfungulia usiku. Anachopata mwenye nyumba ni mbwa anayebwekea upepo, mtu wa maziwa na mjukuu kwa sauti moja, kiasi kwamba siku mwizi anaingia hakuna anayeamka. Mbwa aliyezoea mambo ya kawaida ndiye anayejua kipi si cha kawaida. Kubweka kwa mgeni kutakuja kwenyewe akikaribia utu uzima. Wewe mfunze "yatosha" baada ya kubweka mara tatu, umlipe akinyamaza.

Kupiga sikutaja kwa sababu hakuna somo hata moja hapo juu linalokuhitaji upige.

Akimng'ata mtu, hata kidogo, hata kwa mchezo, na ngozi ikachubuka: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo mkiwa na kadi yake ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua, kwa hiyo msikae nyumbani kupima mkiangaliana.

Akifikisha miezi sita

Atasahau kila kitu. Chapo wa miezi 7, aliyekuwa akija mbio kwa "hapa" moja, alinitazama uani, akanusa upepo, akaenda kumtembelea kuku wa jirani. Nilimwita mara sita. Mara ya sita ndiyo iliyonifunza: kila "hapa" isiyotiiwa huliua neno kidogo. Kipindi hiki hupita, kwa wengi kufikia mwaka au mwaka na nusu. Zungumza na daktari kuhusu kumhasi. Sisi tulinunua kamba ndefu ya mita kumi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, tukarudi kwenye hatua mbili za sebuleni na maini ya mia. Jirani tulimlipa kuku wawili.